Nywele za Yeyo

Kinyozi wangu wa Kitengela ananijua kwa maneno mawili, "punguza kidogo," na kwa miaka tisa hatujawahi kuhitaji mengine. Juzi, siku ya tatu baada ya kumzika mama yangu, niliketi kwenye kiti chake nikamwambia atoe zote. Alizima mashine. "Zote, mzee? Mpaka ngozi?" Nikamwambia mpaka ngozi. Akauliza kama nimekosana na mvi, nikamjibu kwamba mimi na mvi tunasikizana vizuri. Alinifunga kitambaa shingoni, akaiwasha mashine tena, na ilipoanza kupanda kutoka kwenye paji la uso nikakumbuka kwamba mara ya mwisho kichwa changu kunyolewa hivyo nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimekalia mtungi wa plastiki wa maji uliolazwa ubavu, na aliyekuwa akininyoa hakujua hata kidogo alichokuwa akinifanyia.

Siku hizi wengi wa watu wetu hawanyoi tena wakifiwa. Pasta aliyeongoza mazishi kule nje ya Kajiado alitukumbusha kwa upole kwamba si lazima, na niliona vijana kadhaa wenye nywele za gharama wakishusha pumzi. Lakini wakati ule, kwa Wamaasai wa rika la wazazi wangu, kijana aliyeonekana kichwa kitupu bila kutarajiwa alikuwa ametangaza jambo moja: mzazi wake amekufa. Vijana wa mjini walinyoa walivyotaka na hakuna aliyewajali. Mimi sikuwa mtu wa mitindo, na walionijua walijua hivyo. Walijua pia kwamba baba alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo upande wangu alikuwa amebaki mzazi mmoja tu, yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa. Haya ndiyo yote ambayo msomaji anahitaji kujua kuhusu ukoo wetu.

Mwaka ule nilikuwa na kazi ya kupima mawe kwenye machimbo nje ya Kitengela. Jiwe likitoka kwenye mashine nililiwekea kipimo, lililopinda nikalitenga, lililonyooka likapakiwa. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na Njoroge, kijana Mkikuyu aliyeuza misumari na mabati kwenye hardware ya mjomba wake, katika ploti ya vyumba vya kupanga ya Mama Wanjiru. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, pazia la maua katikati, stovu ya mafuta ya taa, na dirisha moja lililotazama bomba la maji la ploti nzima, hivi kwamba kila aliyekuja kuteka maji alituletea habari zake bila kukusudia. Uvimbe ulipotokea shingoni niliulaumu vumbi. Nilipoanza kupungua nililaumu upishi wa Njoroge. Daktari wa hospitali moja kubwa ya Nairobi hakumlaumu mtu. Alisema ni kansa ya tezi, kwamba inatibika mtu akivumilia, na kwamba nitawekewa dawa mara kumi na mbili, kila baada ya wiki mbili, bila kuruka. Hilo la kutoruka alilirudia mara tatu. Ukiruka, alisema, ugonjwa unarudi ukiwa umeshajifunza dawa.

Sikumwambia yeyo. Kuhusu ugonjwa huo alikuwa na habari moja tu: dada yake alipelekwa hospitali kubwa akitembea, akarudi ndani ya sanduku. Nilijua akisikia atakuja kunichukua, na nilijua sitakuwa na nguvu za kumkatalia. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana Kitengela kwenye mikanda ya wenye mali, lakini huko kwake hakukuwa na mtandao wala mkanda. Nilikuwa nikimtumia salamu kupitia watu wa mifugo, wale waliokuja kuuza mbuzi, na salamu zangu zote zilisema kazi ni nyingi. Leo najiuliza nilidhani nitauficha hadi lini. Nafikiri sikudhani chochote. Nilikuwa nimeazimia kuumaliza ugonjwa kwanza kisha niutangaze ukiwa umekufa.

Chumba cha dawa kilikuwa na viti vya mikono vilivyopangwa ukutani, rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai, na runinga iliyofungwa juu sana ambayo hakuna aliyeisikia. Dawa zangu zilikuwa nne. Moja ilikuwa nyekundu kama juisi ya sherehe, Sista, muuguzi wa pale, aliisukuma mwenyewe kwa sindano polepole huku akiniuliza habari za machimbo, na nikirudi nyumbani nilikojoa rangi ileile. Nyingine ilikuja kwenye mfuko uliovishwa karatasi nyeusi kwa sababu haitaki mwanga, na nilipoiona ikining'inia pale juu siku ya kwanza niliihurumia, sijui kwa nini. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja mkulima wa vitunguu kutoka Kimana, mnene kuliko mgonjwa anavyotakiwa kuwa, ambaye hatukuwahi kuambiana majina. Ndiye aliyenifunza kufyonza barafu wakati wa ile nyekundu ili mdomo usitoke vidonda. "Usifikirie hiyo dawa," aliniambia. "Fikiria kitu inakukasirisha. Mimi nafikiria madalali." Nikajaribu kufikiria mawe yaliyopinda, na ilisaidia kiasi.

Chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Ugali, maharagwe, chai, hata maji, vyote msumari mmoja. Siku ya kwanza baada ya dawa nililala, ya pili nililala, ya tatu niliamka nikitaka ukoko wa ugali, mgumu, bila mboga, na Njoroge alijifunza kuuchoma makusudi. Harufu ndiyo iliyonishinda. Mama Wanjiru alikuwa akikaanga vitunguu saa kumi na moja jioni, kila siku ya Mungu, na mimi nilifunika uso kwa blanketi na kumtukana moyoni, mwanamke ambaye alikuwa ameninunulia ndoo ya kutapikia kwa hiari yake. Baada ya mara ya tatu nywele zilianza kuachia. Zilibaki kwenye mto, kwenye kola, kwenye sahani.

"Zinaanguka kwa ugali," Njoroge alisema Jumapili moja. "Wacha nikutoe zote, tukule kwa amani."

"Na nikifanana na yai?"

"Yai liko na sura nzuri kukushinda."

Akanitoa nje karibu na bomba, akalaza mtungi, akapaka sabuni, akafungua wembe mpya. Nilijua maana ya kile tulichokuwa tukifanya. Nilikumbuka vizuri mikono ya yeyo kichwani mwangu mwaka baba alipokufa. Lakini nilijiambia kwamba hapa ni Kitengela, kila mtu anakimbilia mambo yake, na zaidi ya hayo nitavaa boshori, kofia yangu ya sufu. Njoroge alinikata nyuma ya sikio, damu ikatoka nyingi kuliko kosa lenyewe, na Mama Wanjiru akapitia pale na beseni lake. "Njoroge, unanyoa ama unachinja?" aliuliza. Tulicheka sote watatu. Nilipapasa kichwa changu nikahisi baridi ambayo sikuwa nimeihisi tangu utotoni, na nikawa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu.

Mara ya tano nilipokwenda kuwekewa dawa, kiti cha mama wa Kimana kilikuwa kitupu. Sista alikuwa mwenye haraka siku hiyo, nami sikuuliza. Pale watu hawakuulizana. Nilikitazama kiti kile muda wote dawa nyekundu ilipokuwa ikiingia, nikashindwa kufikiria mawe, na nilipokuwa nikirudi Kitengela nilikuwa nimeshaamua kwamba sirudi tena. Niseme ukweli, sikuwa na ujasiri wowote katika uamuzi huo. Nilikuwa nimechoka tu, na nilitaka kulala kwa mama yangu, mahali ambapo hakuna anayekaanga vitunguu. Nilipanga kungoja nguvu zirudi kidogo, kisha niende nyumbani nikamweleze yeyo mwenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya dawa ya sita.

Wiki iliyofuata nilijikokota mpaka kwenye bucha moja karibu na soko la mifugo, kujaribu supu. Mabati yalikuwa yamewaka jua, nikavua boshori nikaiweka mezani. Hivyo ndivyo Mzee Sankei alivyonikuta. Alikuwa mchuuzi wa mbuzi, mtu wa upande wa kwetu ingawa boma lake lilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka kwa yeyo, wa rika moja na baba yangu. Nilisimama na kumwinamishia kichwa aguse, kama tulivyofunzwa tukiwa watoto kuwasalimu watu wa rika la baba. Kwake sikuwahi kuacha.

"Supa, ero," alinisalimu, yaani kijana.

"Ipa," nikaitikia.

Mkono wake ulikaa kichwani mwangu kuliko salamu inavyohitaji. Ulikuwa mkono mkavu, mzito, na nilihisi kila kidole.

"Hii ni ya lini?" aliuliza.

"Mwezi mmoja hivi, mzee."

"Na hamkutuma mtu."

"Sikutaka watu wajue."

"Kitu kama hii haifichwi," alisema polepole. "Watu lazima wakuje."

Nilidhani ameutambua ugonjwa. Kichwani mwangu mwaka ule hakukuwa na kitu kingine, kwa hiyo nilidhani kila mtu anautazama. "Naomba usiende nyumbani kwanza," nikamwambia. "Nitaenda mwenyewe. Nataka kuongea na yeyo."

Aliondoa mkono kichwani mwangu kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Sasa naelewa. Kwetu jina la aliyekufa halitajwi, wala watu hawaulizi moja kwa moja ni nani aliyekwenda, na hapa palikuwa na kijana aliyekonda, macho yamezama, amenyolewa, anayesema kwamba ataenda kuongea na marehemu. Mzee aliona huzuni imenipanda kichwani. "Pole pole, ero," alisema. "Kunywa supu yako." Alimwambia mwenye bucha aniongezee nyama, akachukua fimbo yake, akaondoka bila hata kuulizia bei ya mbuzi siku hiyo.

Siku tano baadaye, alasiri, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya dawa ya sita, nilikuwa nimelala nikasikia sauti ya Mama Wanjiru penye geti. "Unatafuta nani, mama?" Na sauti niliyoijua ikamjibu, "Natafuta mtoto yangu. Ile imenyoa." Sikuwa na mahali pa kujificha, chumba chenyewe kilikuwa hatua sita. Aliingia akiwa na kibuyu cha maziwa kwapani na kifurushi cha karatasi mkononi, akasimama katikati akitazama pazia, ndoo, stovu, kisha mimi. Mimi na yeyo tulizungumza Kimaa, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili kama ninavyoyakumbuka.

"Vua hiyo kofia," alisema.

Nikaivua. Alinizunguka kama mtu anayekagua ndama sokoni, akasimama nyuma yangu, akagusa lile kovu la nyuma ya sikio.

"Nani alikunyoa?"

"Njoroge."

"Alidhani ananyoa mbuzi?" Kisha akauliza, kwa sauti ileile, "Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, yeyo."

"Basi nieleze."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, uvimbe, sindano, mara tano zilizopita na saba zilizobaki, na nilipofika kwenye kiti kitupu cha mama wa Kimana nilimwambia kwamba nimeacha, kwamba nimefurahi amekuja, na kwamba kesho tutaondoka pamoja twende nyumbani. Nilingoja aseme ndiyo. Nilikuwa na hakika kabisa atasema ndiyo. Yeye alichukua kibuyu chake na kifurushi chake, akatoka nje, na mimi nikabaki nimekaa kitandani nikiwa nimeshika boshori kwa mikono miwili.

Niliyafahamu mengine kupitia dirishani. Yeyo alikuwa ameketi na Mama Wanjiru karibu na bomba, na kwa Kiswahili chake cha sokoni alikuwa akimweleza kilichompata siku mbili nyuma.

"Mimi nilikuwa nakamua," alisema. "Nikasikia wamama wanalia huko mlango ya boma. Nikasema, ni nani amekufa na mimi sijaambiwa? Nikaweka kibuyu chini, nikatoka mbio na mimi nikilia."

"Ukalia pia?"

"Sasa mtu akikuja kwako akilia, utafanya nini? Nikashika yule wa mbele, nikamuuliza, ni nani? Akaniangalia. Akanyamaza. Akaanguka chini."

"Akaanguka?"

"Kabisa. Na Sankei amesimama hapo na sukari na majani chai kwa mkono, ananiangalia kama mtu ameona ng'ombe ile aliuza jana."

Mama Wanjiru alicheka mpaka nikasikia beseni likigongwa. Yeyo hakucheka, lakini alingoja amalize, na nilijua kwa kungoja huko kwamba alikuwa amefurahi kuchekewa.

"Na ukamwambia nini?"

"Nikamwambia akae, nimtengenezee chai. Hata kama nimekufa, mgeni ni mgeni." Maji yalitiririka kidogo bombani, mtu akafunga. "Halafu ndio akaniambia habari ya kichwa. Nikahesabu. Baba yake alienda zamani. Mimi niko hapa nakunywa chai. Sasa huyu mtoto amenyoa ya nani? Nikaona amebaki mtu mmoja tu hajahesabiwa."

Mimi ndani nilisogea karibu na dirisha.

"Dada yangu alienda hiyo hospitali," yeyo akasema. "Akarudi na sanduku."

"Alienda mara ngapi?"

"Mara moja. Alikuwa amengoja sana."

"Huyu ameenda mara tano," Mama Wanjiru alisema. "Mimi nimemuona. Siku ya kwanza analala, ya pili analala, ya tatu ananiitisha maji moto ya kuoga kama mwenye ploti ni yeye. Mtu wa kufa haitishi maji moto, mama."

Nilikuwa nimemtukana mwanamke huyo kila jioni kwa miezi miwili. Niliona aibu, na hata sasa ninapoandika naiona. Kisha nikamsikia yeyo akiuliza mahali pa kupata jiko, na baada ya kitambo akarudi chumbani na vikombe viwili vya chai. Alinipa kimoja. Ilikuwa tamu kupita kiasi.

"Kesho tunakwenda," alisema.

"Nyumbani?"

"Nairobi."

"Yeyo, nimechoka."

"Nimeona umechoka." Aliweka kikombe chake chini, akavua kitambaa cha kichwani. Kichwa chake kilikuwa kitupu, kinang'aa, kama kilivyokuwa maisha yangu yote, kama cha kila mwanamke wa rika lake. "Nitazame vizuri. Mtu akifa, mtoto wake hunyoa. Mimi wewe ukifa nitanyoa nini? Sina hata unywele mmoja wa kukulilia. Hiyo ni kazi yako, si yangu. Hizo zako zitamea, na zikimea usizinyoe tena mpaka siku yangu ifike."

"Na zisipomea?"

"Zitamea. Nimeshaliliwa mara moja bila kufa. Siku nikifa kweli, anayenililia awe na nywele."

Nilitaka kucheka, lakini nililia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu daktari aniambie. Hakunishika wala hakunibembeleza. Aliendelea kunywa chai yake mpaka nilipomaliza, kisha akaniambia yangu inapoa.

Asubuhi tulikwenda. Sista alimweleza yeyo mambo mawili, nami nikayatafsiri. La kwanza, kwamba nikipata homa niletwe upesi. La pili, kwamba damu yangu haina askari wa kutosha, kwa hiyo nisinywe maziwa mabichi wala ya kibuyu, nichemshiwe kila tone. Hilo la pili nililitafsiri nikitazama sakafu. Yeyo alikuwa amebeba kibuyu kile kutoka Kajiado, amekifukiza mwenyewe kwa moshi wa mti anaoujua yeye, na kwake maziwa yaliyochemshwa yalikuwa maziwa yaliyouawa. Aliniuliza kama Sista ana watoto. Sista akasema anao wawili. Yeyo akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo lilitosha. Nilipokuwa nimekaa na dawa nyekundu, alikaa kwenye kile kiti kitupu cha mama wa Kimana, na hakuna aliyethubutu kumwambia ni cha wagonjwa.

Alikaa Kitengela mpaka dawa ya kumi na mbili, karibu miezi mitatu. Njoroge alihamia chumba cha pili kwa binamu yake na kurudi kila jioni kula. Kila asubuhi yeyo alinunua maziwa, akayaweka kwenye stovu, akachuchumaa mbele yake bila kugeuka, akayaacha yapande mara tatu. Mara moja ingetosha, lakini yeye alisema Sista anaweza kuwa amesahau mbili. Na kile kifurushi chake cha karatasi kilikuwa ile sukari na majani ya chai ambayo Mzee Sankei alipeleka kwenye msiba wake. Alikataa kuvirudisha, akasema vililetwa kwa ajili yake na atavitumia akiwa hai. Sukari ilipoisha Sankei alituma nyingine, nadhani kwa aibu, na kila mara yeyo alimwambia Mama Wanjiru kwa fahari, "Kunywa, hii ni ya matanga yangu." Hivyo ndivyo nilivyopona, kama ni lazima niseme nilivyopona. Nilikunywa chai ya msiba wa mama yangu akiwa amekaa mbele yangu, akinihesabia vikombe.

Mara ya kumi nilimkuta mama wa Kimana kwenye kiti chake, amenenepa zaidi, na wavu wa vitunguu vyekundu miguuni kwa ajili ya masista. Alikuwa amebadilishiwa siku tu, ili awahi soko. Nilimtazama nikamwonea haya, maana mimi pia nilikuwa nimemzika mtu kabla ya wakati wake. Alinipa vitunguu viwili. Nilivipeleka kwa Mama Wanjiru, akavikaanga jioni hiyo, na sikufunika uso.

Nywele zilirudi laini, za mtoto mchanga. Yeyo alizipapasa siku aliyofunga safari ya kurudi kwake, akasema si mbaya. Hatukuwahi kuzungumza tena juu ya agizo lake. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikiwaambia vinyozi "punguza kidogo," na wengine wamedhani mimi ni bahili, wengine wamedhani napenda mitindo ya zamani. Kila nilipokwenda kwake nilimwinamishia kichwa, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, naye alikuwa akipitisha vidole kwenye nywele kabla ya kunijibu salamu. Nadhani alikuwa anahakikisha.

Wiki iliyopita Mzee Sankei alikuja kwenye mazishi. Anashikwa mkono siku hizi, haoni vizuri, na chini ya kwapa alikuwa na mfuko wa sukari na majani ya chai. Walitaka kumkalisha kwenye kiti cha mbele, akakataa. "Mimi sikai mpaka nione mwenyewe," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa pasta. Wakamsogeza penye jeneza. Aliinama, akatazama kwa muda, akagusa ubao kwa vidole. Alipogeuka alikuwa akilia bila kujificha, akanitafuta kwa mkono, na kiganja chake kikaangukia kichwani mwangu, kwenye nywele. "Safari hii ni kweli, ero," aliniambia. Nikamwambia ni kweli.

Kinyozi alimaliza, akapangusa shingo yangu kwa taulo, akanipa kioo. Nilijiona kichwa chote, pamoja na kovu dogo la Njoroge nyuma ya sikio, ambalo nilikuwa nimelisahau. Chini ya kiti nywele zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, nyeusi na nyeupe. Kijana alizitazama, akanitazama.

"Mzee, na vile umezitunza hizi miaka yote. Ulikuwa unaziwekea nini?"

"Zilikuwa za mama," nikamwambia.

Alisimama na ufagio mkononi, akangoja niondoke kwanza ndipo afagie.